Mawe Aliyoyaosha Baba

12 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi nipo, Mama yupo, cherehani ipo, na paka wa jirani bado anaamini nyumba hii ilijengwa kwa ajili yake. Nilitaka kuandika "sote wazima" kama tulivyofundishwa shuleni, lakini namsikia Mama akikohoa chumba cha pili, basi acha niseme tu kwamba tupo. Barua yako ilifika. Nilimsomea Mama, na pale uliposema umenenepa akanikatiza: "Mwambie asinichezee. Mtu anayefua mashuka ya hospitali nzima atanenepea wapi?"

Wiki iliyopita tulikwenda kaburini kwa Baba, maana mwaka umetimia. Tuling'oa majani. Yale mawe yake uliyoagiza awekewe bado yanapendeza, na wapita njia husimama kuyatazama. Mama aliyapangusa kwa upindo wa nguo yake, jiwe kwa jiwe, mpaka nikamwambia jua litatuua, twende.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Chumba cha Mama, ule ukuta wa nyuma unaotazama kilima, umeanza kutoa kitu cheupe chini, karibu na sakafu. Kama chumvi. Nikikifuta kinarudi. Rangi inavimba halafu inabanduka, na plasta ukiibonyeza kwa kidole inamomonyoka. Mlango umevimba pia, haufungi mpaka uupige bega. Na kuna harufu, ile ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Wewe dobi unaijua. Gauni la mteja nililotundika humo lilipata madoa meusi mgongoni, nikalifua mwenyewe kwa aibu kabla mwenyewe hajaliona.

Najua unataka kuniandikia ule msemo wa ufa na ukuta. Usithubutu. Ufa niliuziba zamani, ukuta wenyewe ndio unaoyeyuka.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpendwa,

Nimepokea barua yako nikiwa nimesimama kwenye pasi, nikaisoma huku shuka likiungua pembeni. Mungu alinihurumia, msimamizi alikuwa anakunywa chai. Mimi ni mzima. Mikono imekauka kwa dawa, mgongo unaniuma, lakini kazi ndiyo hiyo. Wenzangu siku hizi wananiita Mzee Sabuni, na mwaka mmoja tu uliopita nilikuwa Kijana Sabuni. Uone jinsi mtu anavyozeeka huku.

Nimefurahi mmefika kaburini. Ile picha ya kaburi mliyonitumia nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la kazini. Asubuhi nikibadilisha nguo, naitazama. Ndiyo mazishi niliyohudhuria mimi. Kila nikiyaona yale mawe nasema, angalau hilo moja nililifanya.

Kuhusu ukuta, usihangaike. Huo ni unyevu wa kawaida. Paka rangi ya mafuta, mbili au tatu, izibe kabisa. Kabla ya hapo bandua plasta mbovu, upige mpya yenye saruji nyingi. Angalieni na paa pia, pengine bati moja limetoboka. Mama anywe maji ya moto, ajifunike.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Huku mvua zimeanza na mimi nimeshachoka kabla hazijakolea. Mteja wangu mkubwa, yule mwenye duka la sare za shule, amehamishia kazi kwa fundi mwingine. Hakunitukana. Alinusa tu kola ya shati, akalikunja, akasema atanirudia. Mtu akikuambia atakurudia kwa sauti ile, ujue ndiyo kwa heri.

Nilifuata maneno yako yote. Fundi alibandua plasta, akapiga mpya, akapaka rangi ya mafuta, ukuta ukang'aa kama sahani. Mama akafurahi, akalala humo. Kabla hata harufu ya rangi haijaisha, kitu cheupe kilitokea juu zaidi, pale plasta mpya ilipoishia. Maji ukiyafungia njia huku yanapanda kule. Rangi sasa ina malengelenge, ukitoboa moja linatoa machozi.

Paa tumelikagua, halina tundu. Nikaita fundi bomba, akasema kwa uhakika wote wa dunia kwamba bomba limepasuka chini ya sakafu, tuvunje. Fundi wetu wa plasta akamwambia, "Subiri kwanza." Tukafunga mabomba yote ya nyumba, tukaenda kuchungulia mita. Kile kigurudumu chekundu hakikutikisika hata kidogo. Kama bomba lingekuwa linavuja kingezunguka. Fundi bomba akakusanya vyombo vyake akasema basi ni mapenzi ya Mungu.

Fundi wetu akabandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pande zote kwa gundi ya karatasi, akasema tusikiguse siku chache. "Maji yakija upande wa chumbani, ni pumzi zenu na mvuke wa jikoni. Yakija upande wa ukuta, yanatoka nje." Tulipokibandua, upande wa chumbani ulikuwa mkavu. Upande wa ukuta ulikuwa umelowa chapachapa. "Hayatoki juu, hayatoki bombani," akasema. "Yanatoka chini ya ardhi."

Mama anauliza utakuja lini. Mimi pia nauliza, ila mimi nimezoea kutojibiwa.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Samahani kwa kuchelewa. Mashine kubwa iliharibika tukafua kwa zamu ndefu, nikirudi chumbani nalala na viatu.

Nimefikiri sana. Maji ya ardhini huwezi kushindana nayo, Dada. Mlete Mama huku. Chumba changu ni kidogo lakini kikavu, ghorofani, mimi nitalala chini. Wewe unaweza kukaa mbele kwenye cherehani mpaka tuone la kufanya na nyumba. Pengine tuiuze tu. Najua utakasirika, lakini kuta zinazooza si za kufia.

Ila kitu kimoja hakiniingii akilini. Tumezaliwa humo, tumekulia humo. Kile chumba nililala mimi utoto wangu wote na sikumbuki hata tone ukutani. Kilima ni kilekile, mvua ni zilezile. Maji haya yalikuwa wapi siku zote?

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nilimsomea Mama hiyo habari ya kuhamia kwako. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikampa maji. Kisha akasema: "Mimi nitoke kwenye nyumba ya mume wangu nikalale kwa kitindamimba, yeye chini kama mkeka? Andika hapana. Andika kwa herufi kubwa." HAPANA. Nimeandika.

Lakini usidhani ni mzaha tu. Daktari amempima kifua, akaniita pembeni. Alisema akirudi kulala kwenye unyevu ule mvua za mwisho wa mwaka hatazivuka salama. Kwa hiyo analala kwangu, kitanda kimoja. Usiku kucha ananipiga mateke. Na chumba changu nacho kimeanza, nyuma ya kabati. Sijamwambia. Ama nyumba ikauke kabla ya mvua zile, ama nimfunge Mama kamba nimpakie nimlete kwako. Sioni njia ya tatu.

Dalili zenyewe sasa hazijifichi. Mvua ikishakatika, barabara mbele inarudi kuwa vumbi, lakini nyuma ya nyumba ardhi inabaki tope, ukikanyaga inakuvuta kiatu. Kuvu ya kijani imeota kwenye msingi. Vyura wamehamia, wanatupigia kelele bila adabu. Sakafuni kwa Mama, ukikanyaga kona ile, maji yanachungulia kwenye nyufa. Na ufa mpya umepanda ukutani ngazi kwa ngazi, ukifuata matofali.

Juzi fundi alichimba shimo nyuma, karibu na msingi, aone. Upande unaotazama kilima ulianza kutoa maji mara moja, yakitiririka taratibu, shimo likajaa. Akaniuliza, "Dada, hapa udongo ni mwingine, umeletwa. Hapa palikuwa na nini?" Nikamwambia bustani.

Nilisimama pale nikaona kitu nisichotaka kukiona. Nitakuandikia siku nyingine. Leo sina nguvu.

Dada yako


25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Leo naanza kwa adabu kwa sababu nina jambo, na nadhani nimelipata lile ulilokuwa unalitafuta.

Hapa tunapofulia kuna mfereji sakafuni wenye chujio la chuma, unaopeleka maji ya mashine nje. Kazi ya kutoa nyuzi kwenye chujio ilikuwa ya mzee mmoja, akastaafu, na hakuna aliyeirithi kwa sababu ni chafu na hakuna anayekuona ukiifanya. Wiki iliyopita tukaja kazini tukakuta chumba cha kukunjia mashuka kimejaa maji. Chumba kile hakina bomba, hakina mashine, kiko ng'ambo ya ukuta. Watu wakatazama dari. Mimi nikaenda kwenye mfereji, nikakuta umezibwa na nyuzi kama godoro. Maji yalikosa njia yakapita chini ya sakafu yakatokea kwingine.

Nikiwa nimepiga magoti navuta zile nyuzi, nikamkumbuka Baba. Unakumbuka? Kila mwaka kabla ya mvua anafukua ule mtaro mrefu nyuma ya nyumba, anatoa mawe yote, na sisi tumekaa na ndoo na brashi. Jiwe kwa jiwe. Tope litoke lote, la sivyo anakurudishia. Halafu anayapanga tena mtaroni, makubwa chini, madogo juu. Watoto wa mtaani walimwita Mwosha Mawe, na mimi niliona aibu mpaka nikawa napita njia ya mbali kutoka shule. Nilidhani ni adhabu. Wewe ulidhani ni uchizi, ulisema mwenyewe. Hakutuambia hata siku moja mawe yale ni ya nini, na sisi hatukuuliza.

Dada, ni ya maji. Yanayoshuka kilimani chini ya ardhi yanaangukia kwenye mawe, yanapita katikati yake, yanazunguka nyumba na kutokea kwenye mfereji wa barabarani. Alikuwa anaosha tope lisizibe njia. Ndiyo maana chumba changu kilikuwa kikavu.

Sasa niambie: nani anaosha mawe siku hizi? Yale machache mliyompelekea Baba kaburini hayakupunguza kitu, lakini yaliyobaki yatakuwa yamejaa tope. Yafukueni tu, myaoshe. Nina furaha leo kama mtu aliyepona homa.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu. Kikohozi si kizuri si kibaya. Nimepata kazi ya kushona mapazia ya ofisi moja, mapazia hayana kwapa wala kola, kazi rahisi lakini inachosha macho. Paka wa jirani amezaa chini ya ngazi zetu bila kuomba ruhusa. Sindano nzuri zimeadimika, ukiona huko nitumie.

Habari ya mtaro tutaongea ukija.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Sikukuuliza habari za mapazia. Nimekuuliza mtaro. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayekohoa ni Mama.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Basi soma ukiwa umekaa.

Siku ya mazishi, salamu zako zilipofika, nilizisoma mbele ya watu. "Msimjengee saruji. Mwekeeni mawe yake." Uwanja mzima ulilia, na mimi nilishindwa kumaliza. Halafu mtu mmoja akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akafunua udongo, akabeba jiwe. Akafuata mwingine. Ukawa mstari kutoka nyuma ya nyumba mpaka makaburini, wanawake, wanaume, hata wale waliokuwa wakimcheka Mwosha Mawe. Hakuna aliyetaka kwenda mikono mitupu. Waliochelewa walikuta mtaro mtupu, wakaniuliza kama hatuna hata kokoto.

Hayakuwa machache. Yalikuwa yote. Yaliyozidi juu ya kaburi walimzungushia, mengine wakapanga njia ya kufikia. Picha yako ilipigwa karibu, haionyeshi. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye mazishi, na bado nasema hivyo.

Jioni tukabaki na shimo refu nyuma ya nyumba iliyojaa wageni na watoto. Mimi ndiye niliyesema lifukiwe kabla mtu hajavunjika mguu. Walileta udongo mzito, wakaumwaga, wakaushindilia kwa miguu mpaka ukawa sawasawa. Nikawashukuru na chai nikawapa.

Nililiona hilo siku fundi alipochimba. Nikasema bustani. Nilikuficha kwa sababu huna kitu kingine cha mazishi yale isipokuwa mawe. Sikutaka niwe mimi wa kukunyang'anya. Ningeacha ukuta uanguke kwanza, na kidogo nifanye hivyo.

Fundi anasema anaweza kuleta mawe mengine ya machimboni, tufukue mtaro, tuyapange. Sema neno nimwambie aanze.

Dada yako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Hujajibu. Kila mleta barua akipita Mama ananyanyua kichwa, kisha anajifanya alikuwa anamtazama paka.

Ilibidi nimwambie. Nilitegemea alie. Alinitazama kama mtu anayesubiri mtoto mjinga amalize kusoma, akasema, "Nilijua tangu ukuta ulipotoa chumvi. Nilikuwa nangoja mmoja wenu alitamke." Alijua kazi ya mtaro siku zote. Baba aliujenga kwa sababu yake, mwaka wa kwanza walipohamia, alipokuwa na mimba yangu na kulala kwenye unyevu kukamuumiza kifua. Ndiyo maana aliosha kila mwaka bila kukosa. Nilimuuliza mbona hakutuzuia siku ile. Akasema, "Watu wanambebea mume wangu mawe wakilia, nisimame niwaambie rudisheni, nyumba yangu italowa? Nilikuwa na haya."

Mawe ya machimboni hayataki. Fundi alishaleta mkokoteni, Mama akamfukuza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi: "Mawe ya mume wangu yarudi nyumbani. Hakuyaosha ili apambwe nayo. Yeye pale hana ukuta, hana kifua kinachombana. Na aliyeagiza yapelekwe ndiye atakayeyarudisha. Mtu mwingine akigusa hata moja, nitakwenda nikakae juu ya kaburi."

Mawingu yameanza kurundikana kilimani mchana. Fundi amefukua mtaro, uko wazi, unangoja. Mimi nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kufuta ukuta, kunusa nguo za watu, kupigwa mateke, na kukuuliza swali lilelile. Silirudii tena.

Dada yako


2 Oktoba

Dada,

Nilipomaliza barua yako ya Agosti niliitoa ile picha kabatini nikaitia mfukoni. Kesho yake nikairudisha. Keshokutwa nikaitoa tena. Ndivyo nilivyopitisha wiki hizi, sikuwa na la kuandika. Nilikukasirikia kwa kunificha, halafu nikawaza ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo, nikakosa hata wa kumkasirikia.

Nitakujibu lile swali, hata kama umelifuta. Siji kwa sababu naogopa. Likizo ninazo, tangu mwaka jana ninazo. Lakini nikiwa huku, Baba yuko nyuma ya nyumba na ndoo yake. Hasemi kitu, anaosha. Nikifika nitakuta hayupo. Picha haikuniambia hivyo. Kwenye picha kuna mawe tu, na mawe yake nimezoea kuyaona akiwa karibu.

Mama amenishinda. Najua amefanya makusudi, mwambie nimejua. Mawe yangeweza kutoka popote, na fundi yeyote angeweza kuyabeba. Amenitafutia kazi ambayo hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuifanya.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Jumapili ijayo nitakuwa hapo, nikisafiri salama. Nitakuja na mabuti yangu ya kazini, ya mpira, yanafika magotini. Niwekee ndoo na brashi ngumu. Na usiwaite watu.

Mdogo wako


18 Novemba

Mdogo wangu,

Nashukuru kusikia umefika salama na mgongo umepata nafuu. Mama anasema huo ndio mgongo wa mwanamume aliyefanya kazi, kabla ya hapo ulikuwa wa kukunjia mashuka.

Kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa umeinama, nami nataka uyajue. Hukuona jinsi watu walivyosimama barabarani ulipotoka makaburini na mkokoteni wa kwanza. Walinong'ona. Kutoa mawe juu ya kaburi la baba yako mchana kweupe, hata mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha yule mwenye duka la sare akasogea kwa Mama aliyekuwa ameketi mlangoni, akamuuliza kijana anafanya nini. Mama akamjibu, "Ananiletea mume wangu nyumbani." Yule akavua kofia. Hakuondoka, alisimama pale mpaka ulipomaliza mizigo yote, na kofia mkononi.

Hukumwona pia Mama usoni ulipokuja kumwomba lile jiwe moja la mviringo libaki juu ya kaburi, akasema hapana, nalo lije. Nilimwona ameona jinsi ulivyoumia. Sasa nakuambia alilofanya. Ulipolala alilichukua lile la mviringo, akaliosha yeye mwenyewe mara ya pili, akalipanga mtaroni chini ya dirisha la chumba kile. Alisema hapo ndipo Baba alipokuwa akianzia.

Mvua ilikuja Alhamisi, wiki moja baada ya wewe kuondoka. Ile kubwa, ya kunyesha mpaka huwezi kusikilizana. Nilichukua mwavuli nikaenda kusimama barabarani, pale mdomo wa mtaro unapofungukia kwenye mfereji. Hakuna kitu. Nikasimama. Wapita njia wakaniona mwanamke mzima anatazama shimo kwenye mvua, nikasema leo ndiyo nimerithi jina la Baba. Hakuna kitu bado. Nilianza kulia, nakuambia ukweli, nililia kwa uchovu wa mwaka mzima. Halafu yakaja. Kwanza kidogo, meusi, yana tope. Kisha yakaongezeka, yakawa ya udongo, na mvua ilipopungua yalikuwa yanatoka safi kabisa, ungeweza kufulia shuka lako la hospitali. Maji ya kilima chote, yanapita pembeni mwa nyumba yetu kwa adabu.

Fundi anasema ukuta utakauka polepole, tusipige plasta wala rangi mpaka mwakani, tuuache upumue. Ile chumvi bado ipo, lakini nikiifuta hairudi. Kile kipande cha nailoni tumekibandika tena, jana tumekibandua. Upande wa chumbani mkavu. Upande wa ukuta, unyevu kidogo sana, kama pumzi. Vyura wamepungua, paka wamebaki chini ya ngazi.

Daktari amesema asirudi kwanza kwenye chumba chake. Mama amerudi. Alibeba mto wake mwenyewe akaniambia, "Nimechoka na mateke yako." Yangu! Anakohoa kidogo asubuhi, kisha ananyamaza siku nzima. Jana alilalamika kwamba chumba kina vumbi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Kaburi la Baba sasa ni udongo mtupu, nisikufiche. Nilidhani nitaona huruma. Niliona limetulia.

Mabuti yako uliyasahau nyuma ya mlango wa jikoni. Niliyafuta, nikatafuta gazeti la kuyafungia nikutumie, maana najua unayahitaji kazini. Mama akanikuta nayafunga. Alinipokonya, akayarudisha palepale nyuma ya mlango, akayapanga la kulia na la kushoto. Akasema, "Mwambie anunue mengine. Haya ni ya hapa. Mawe yanaoshwa kila mwaka."

Dada yako